Bahari ya Kabibi Isiyokupwa

Kabibi Ngumbao amepika chakula cha mchana katika shule yetu, karibu na Vitengeni, kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi humwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, na wanamwogopa kidogo, kwa sababu hakosei kumtambua mtoto aliyerudi na sahani mara ya pili. Nilipofika hapo kufundisha jiografia, muda mfupi baada ya kuhitimu, walimu wenzangu walinionya mambo mawili: nisichelewe mlo, na nisiingie stoo ya jikoni bila kubisha, kwa kuwa mna visiwa.

Nilidhani ni mzaha. Siku ya tatu nilibisha, nikaingia.

Karatasi za mifuko ya saruji zilikuwa zimepasuliwa, zikashonwa pamoja kwa uzi wa gunia, zikafunika ukuta kutoka mlangoni hadi kwenye mapipa ya mahindi. Juu yake, kwa makaa na udongo mwekundu, palikuwa na visiwa kumi na kimoja. Vilikuwa na vilima, mito, vijiji na njia za mbuzi. Nilisahau kabisa nilichofuata.

"Hivyo ni Visiwa vya Lumbi," Kabibi alisema, huku akichambua maharagwe. "Usiguse Gunga, mwalimu. Bado haijakauka."

Nilisoma jiografia miaka minne chuoni, na sijapata kuona ramani iliyojaa watu namna ile. Gunga, kisiwa kile kibichi, kina nyumba zilizojengwa kwa chumvi. Kila mvua inaponyesha kuta huyeyuka, na watu wake husameheana ugomvi wa mwaka mzima, kwa kuwa kuta zilizousikia hazipo tena. Katika kisiwa cha Kirindi mvua hunyesha upande mmoja tu wa mlima. Kijana wa upande mkavu akitaka kuoa, wakwe humletea kibuyu cha maji aogee, waone kama atabakiza. Huko Pehwe hakuna anayesema neno kabla jua halijapita mapaa.

Lakini alivyovipenda kuliko vyote ni Tondo na Kirore. Visiwa hivyo viwili hutenganishwa na mlango wa maji mwembamba, usiozidi umbali wa jikoni na mlingoti wa bendera. Mkondo wake ni mkali kiasi kwamba hakuna chombo kinachoweza kuvuka. Watu wa pande mbili huonana kila siku na hawajawahi kugusana. Kila upande umezaa lugha yake. Moshi wa Kirore usipoonekana asubuhi, watu wa Tondo nao hawawashi moto, kwa maana wanajua ng'ambo kuna msiba.

"Ulivitoa wapi?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa mwaka wa njaa. Tulikuwa tukitembea kutoka alfajiri kutafuta maji. Nikipumzika, nachora chini kwa kijiti mahali ambapo maji yako kila upande." Alipuliza maganda ya maharagwe. "Baadaye nikaona, mahali hapo lazima pawe na wenyewe."

Muhula huo shule ilipata darasa jipya. Mwalimu mkuu, Bwana Odera, alimpa Kabibi ukuta mzima wa nyuma. "Hawe, vitoe visiwa stoo, watoto wavione. Lakini hii ni rangi ya mafuta, na makopo ni haya tu. Ikikauka, imekauka." Wazazi wangekuja kulifungua darasa Ijumaa ya wiki ya tatu tangu siku hiyo. Kabibi alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Kwenye karatasi alizoea kufuta. Ukutani ilibidi kila kitu kiwe kweli.

Siku ya soko, nikiwa stoo na Kabibi, alikuja Bi Mwanakombo, mwenyeji wa Takaungu, ambaye hutuuzia samaki wa kukaanga. Aliweka beseni lake chini, akaitazama ramani, kisha akaweka kidole kati ya Tondo na Kirore.

"Na hapa pana nini?"

"Maji."

"Siku zote?"

"Sasa yaende wapi?"

Bi Mwanakombo alicheka hadi akashika mlango. "Lo! Mwenzangu, umewaumba watu, ukawapa lugha na harusi, ukasahau kwamba bahari hukupwa! Alfajiri yajaa, saa nne yatoka, alasiri yarudi. Kimlango chembamba hivi, ikija bamvua, maji yatokapo sana, hao watu wako wavuka kwa miguu, waenda kuombana chumvi!"

"Wanidanganya kwa sababu mimi ni mtu wa juu, si wa baharini."

"Muulize mwalimu wako huyo."

Kabibi alinigeukia. Wiki mbili kabla nilikuwa nimefundisha habari za maji kujaa na kupwa, hatua chache tu kutoka jikoni kwake, na nilikuwa nimeitazama ramani ile mara nyingi bila kuona kasoro. Nikamwambia ni kweli.

Kabibi alikuwa ameiona bahari mara mbili maishani. Mara ya kwanza alikwenda Kilifi kuchukua kitambulisho, na mara ya pili alimpeleka hospitali binti yake, Hope. Mara zote mbili aliitazama kutoka darajani, na mara zote mbili ilikuwa imejaa.

Kesho yake maharagwe yaliungua. Hakuna mwalimu aliyekumbuka jambo hilo kutokea. Nilimkuta ameketi mbele ya ramani, mikono mapajani.

"Kama wanaweza kuvuka, mwalimu, hawakuwa na sababu ya kuishi vile. Ule moshi, zile lugha mbili, vyote havina maana. Miaka yote hii nimewasingizia." Akaniambia hatagusa ukuta hadi aione bahari ikitoka kwa macho yake. Kama ingetoka kama tulivyosema, angemrudishia Bwana Odera rangi yake.

Ijumaa mimi na Kabibi tulilala kwa Bi Mwanakombo, Takaungu. Alfajiri Kabibi alikuwa wa kwanza kufika ukingoni mwa mkono wa bahari. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia, yamegusa mizizi ya mikoko. Akamtazama mwenyeji wake kama mtu aliyeshinda kesi.

"Keti," alisema Bi Mwanakombo. "Usiwe na pupa."

Kwanza lilitokea jiwe moja. Kisha mawe matatu, kisha ukanda wa mchanga uliong'aa. Maji yaliondoka bila kishindo, kama wageni wanaoaga mmojammoja, na kila yalipopita yaliacha kitu: majani marefu ya kijani yaliyolala upande mmoja, mashimo ya kaa, vijito vilivyokata mchanga kama mito ikatavyo nchi. Kulikuwa na vilima na mabonde. Kabibi alisimama. Alivua ndara zake, akashuka taratibu, akaenda hadi katikati, mahali ambapo saa tatu zilizopita mtu angezama.

Nilimfuata.

"Mwalimu, kuna nchi huku chini," alisema. "Nzima! Na kila siku inafunikwa, na kila siku inarudi vilevile."

Wanawake wawili waliokuja kuokota chaza, mmoja kutoka kila upande, walikutana karibu nasi. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakabadilishana ndoo iliyovuja na nzima, wakaagana harakaharaka. Kabibi hakupepesa macho.

"Nani anayaita maji?" aliniuliza.

Nikamweleza habari za mwezi, na kwa nini bamvua huja mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, na kwa nini siku za maji mafu, kati ya hizo, bahari haitoki sana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si kila siku mtu atavuka."

"Si kila siku."

"Basi moshi bado una kazi."

"Rudini nyinyi!" Bi Mwanakombo alipiga kelele kutoka ukingoni. "Hayo yaja, hayangoji mpishi wala mwalimu!"

Jumatatu Kabibi alifungua kopo la kwanza. Ijumaa ya wiki ya tatu wazazi walijaa darasani, na Bi Mwanakombo akaja na beseni lake. Visiwa kumi na kimoja vilikuwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Kati ya Tondo na Kirore bahari ilikuwa ya buluu iliyofifia.

"Bado tu maji!" alisema Bi Mwanakombo. "Ukaidi gani huu?"

"Leo mwezi una siku ngapi?"

"Mpevu. Bamvua."

"Basi ngoja."

Ilipofika saa nne, Kabibi aligonga kifuniko cha sufuria kwa upawa. Wanafunzi wawili wa zamu walikuja na vitambaa, wakaanza kuipangusa bahari. Ilikuwa chaki. Chini yake, kwa rangi ya mafuta, zilitokea nyasi, kaa, vijito na njia ya mchanga. Na njiani, watu wadogo wa Tondo na Kirore, wakikabidhiana vigae vya makaa ya moto mkono kwa mkono.

"Lugha zao bado mbili," Kabibi alisema. "Saa moja haitoshi kujifunza."

Bi Mwanakombo alichukua kitambaa kutoka kwa mwanafunzi mmoja, akapangusa mwenyewe kipande kilichobaki.