Ndevu za Nta

Leo kabla ya kurekodi, dada wa mekapu alifungua kikopo cha nta anibandike ndevu, na harufu ile ikanirudisha utotoni kijijini Ugalla, kwenye igizo letu la Noeli.

Nta aliileta rafiki yangu kutoka mizinga ya nyuki ya baba yake. Aliitafuna ilainike, akanibandika manyoya ya mbuzi kidevuni. Tuliigiza wachungaji wa kondoo. Katikati ya igizo akasahau maneno yake, akanitazama. Nilikuwa nayajua. Nikayasema mwenyewe, kwa sauti, kanisa zima likapiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani alinibandua ndevu polepole, nisiumie.

"Mbona hukuninong'oneza tu?"

Nikajifanya sijasikia.

Noeli iliyofuata alileta nta tena, akanibandika ndevu vizuri, kisha akaenda kukaa na watazamaji.