Kiapo Kwenye Mkuyu

Mwaka uliofuata uhuru, dada yangu aliitwa na mama mkwe wake kwenye mkuyu wa matambiko, chini ndani ya kreta ya Ngorongoro. Aliniomba nimsindikize. Sisi ni Wairaki, ambao wengine hutuita Wambulu. Mimi nilikuwa nauza dukani Karatu, yeye aliolewa na Mmasai. Hakujaliwa kuzaa, na kwa desturi ya boma lile mke mwenzake alimpa binti amlee kama wake. Mtoto alikuwa kwake tangu alipoachishwa ziwa.

Mizizi ya mkuyu iling'aa kwa samli iliyopakwa na wanawake wanaoomba watoto. Mama mkwe alikwisha kufika, amemshika mtoto mkono.

"Mmbulu wa dukani! Umekuja kuupima mti kwa mizani?"

Nikamwamkia. Badala ya kuitikia alianza kusimulia hadithi ambayo sote tuliijua, ya mwanamke tasa aliyepewa watoto na mkuyu, matunda yakageuka watu. Siku moja akawatukana: ninyi ni watoto wa mti tu. Watoto wakarudi mtini. Alipopanda kuwachuma, kila tunda likafumbua jicho likamtazama.

"Shika mzizi," alimwambia dada. "Apa kwamba hujawahi kumwambia mtoto huyu kwamba si wako. Ukiapa, nenda naye. Ukishindwa, anarudi kwa tumbo lililomzaa."

Nilimnong'oneza dada kwa Kiiraki, "Apa tu. Mti hauna masikio."

"Kiapo cha uongo hakitanipata mimi. Kitampata mtoto."

Akauacha mzizi aliokuwa ameushika.

"Nilisema. Mara moja tu, alipowaachia ndama wakamaliza maziwa. Nilimchapa, nikamwambia si wangu."

"Mgumba akiazimwa mtoto hujiona simba jike," alisema mama mkwe. Akamgeukia mtoto. "Huyu ni nani?"

"Yeyo," alijibu mtoto, yaani mama.

Bibi akamfinya sikio. "Ni nani?"

"Yeyo."

Akalisokota. Mtoto alilia bila sauti, akimtazama dada amsaidie. Nilipiga hatua, dada akanizuia kwa kiganja kifuani. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Sema mimi ni mke wa baba yako."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Sema, mwanangu."

Akasema. Bibi akaliachia sikio.