Karatasi ya Fedha kwenye Kompyuta ya Mwalimu

Sisi tuliokulia Kashozi siku zile, redio ikivalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, kompyuta ya kwanza tuliyoiona haikuwa na skrini wala kasha. Ilikuwa bodi moja ya kijani, wazi kama samaki aliyepasuliwa, yenye vitufe vichache na taa nyekundu za kuonyesha tarakimu. Baba yake Kokugonza, mwalimu wa fizikia, alirudi nayo kutoka masomoni Ulaya.

Kokugonza nilikaa naye dawati moja. Jioni, tukishachota maji, watoto tulijazana sebuleni kwao. Nje kulinukia kahawa iliyoanikwa; ndani yeye alibonyeza vitufe, taa zikakimbia kulia na kushoto. Sisi tulitazama tu. Nikiomba zamu, aliniambia vidole vyangu vina mafuta ya senene, wale panzi tunaowakaanga. Nilirudi nyumbani na wivu wangu. Mama aliponiona nimenuna alisema, "Kama kwa Mwalimu wanakuudhi, kaa hapa umenye ndizi." Nikamenya, lakini moyo ulikuwa kule.

Kiangazi kimoja Mwalimu alisafiri wiki kadhaa. Bodi ilibaki mezani, chini ya dirisha la mbao lililoachwa wazi mchana kutwa. Siku moja Kokugonza alipotoka kufungua mbuzi, niliona juu ya chipu moja kikaratasi kinachong'aa kama fedha. Nikakibandua, nikakibandika kwenye daftari langu. Nilitaka tu nami niwe na kitu cha kwao. Sikujua kwamba chini yake kulikuwa na kidirisha cha kioo, na kwamba jua likiingia humo siku baada ya siku hufuta programu inayosoma vitufe na kuwasha taa, ile mafundi wanayoiita monita. Mwalimu aliporudi, bodi ilikuwa imekufa. Hakumpiga mtu. Aliifunga kwenye kanga, akaiweka juu ya kabati, na Kokugonza hakuruhusiwa tena kugusa vyombo vyake. Nakiri nilifurahi.

Mwaka huu Kokugonza, ambaye ameolewa Muleba na analima kahawa, aliniletea bodi ile kwenye kibanda changu cha ufundi redio na simu, mtaa wa Bakoba mjini. Mwalimu amefariki. Aliuliza kama inaweza kufufuka. Nilihangaika mtandaoni wiki nyingi kutafuta monita yake. Niliyoipata kwanza ilikuwa ya bodi nyingine, taa zikawaka ovyo. Mwishowe mzee mmoja wa nchi ya mbali, anayekusanya mitambo ya zamani, akanitumia nakala aliyoitunza. Nikaiandika kwenye chipu mpya, nikamwita Kokugonza.

Taa ziliwaka. Vidole vyake vikaenda vyenyewe, namba baada ya namba, bila kusoma popote, na taa zikaanza kukimbia. Mimi niliyeifufua sikujua hata pa kuanzia kubonyeza. Wivu ukanirudia mbichi kabisa, na nadhani ndio ulionisemesha. Nikamweleza habari ya kikaratasi.

Aliondoa vidole kwenye vitufe. "Projestus, tata, baba yangu, alikufa akiamini niliiharibu mimi," akasema. "Jumapili utakuja nyumbani umwambie mama kwa mdomo wako."

Nilikwenda baada ya misa. Mama yake alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha kaburi la mumewe kule migombani. "Nenda umwambie na yeye," akasema. Nikaenda, nikasimama pale kama mwanafunzi, nikasema.

Niliporudi, wajukuu walikuwa sebuleni. Kokugonza aliwaita waione kompyuta ya babu yao. Wakauliza skrini iko wapi, wakacheka kidogo, kila mmoja akarudi kwenye simu yake, nyaya masikioni. Hakuna aliyeomba zamu. Sisi tulibanana kwenye mkeka mmoja, tukigombania kuona taa ambazo hatukujua zinasema nini. Watoto hawa hawataharibiana vitu kwa wivu kama nilivyofanya mimi. Lakini nilikaa nao hadi jioni, na sikuona hata mmoja aliyenyanyua shingo kuchungulia mwenzake anatazama nini.