Kilio cha Chui wa Kashebere

Epiphanie Mukasine wa Kalembe alikuwa na ugonjwa ambao hata padri hakuweza kumwombea ukatoka: alitaka kujua kila kitu kina nini ndani. Saa ya mwalimu aliifungua, nayo haikutembea tena. Kinanda cha misheni angekifungua pia, kama masista wasingemwahi. Majirani walimcheka, lakini cherehani ikikwama walimwita yeye.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, habari zikapanda hadi mashamba ya juu kwamba watu wa parki, ile hifadhi ya pori, wameleta wanyama katika depo tupu ya kahawa huko Kashebere, na kwamba wanyama hao hawamkimbii mtu. Unadhani angetulia? Kazi zilikuwa zimemfika kooni, maana Jumamosi ile binti yake Constance angeolewa na kijana wa Kibua, na kasikisi, ile pombe ya ndizi, ilikuwa imeshaanza kuumuka mitungini. Aliaga kuwa anakwenda kuuza maharage. Mumewe Straton alimwamini nusu tu.

Ndani ya depo kuta zote zilikuwa zimechorwa uwanda wa nyasi usio na kilima hata kimoja, na hilo lilimshangaza kuliko kichwa cha kiboko kilichowekwa mlangoni. Watu wa milima hii ya Masisi hulima wakiwa wameegemea mlima; tambarare waijuayo ni kiganja cha mkono. Kulikuwa na ziwa, na swala waliosimama kwenye nyasi za kweli, na mlima unaotoa moshi. Mukasine aliupapasa ule mlima aone kama una joto.

"Mama, usiguse," alisema mlinzi, Marcellin, mtu mpole wa kabila la Wahunde mwenye kofia ya kazi. "Hii iko rangi."

"Na maji?"

"Maji pia iko rangi."

Alicheka, akazunguka nguzo, na kicheko kikamkauka. Juu ya jiwe alilala chui.

Mukasine alikuwa wa ukoo wa Bazigaba, na chui ni wao. Kwao hawamuui, hawamtaji kwa dharau, na anayemkuta amekufa humlilia kama ndugu: nyumba nzima huketi chini kwa siku kadhaa, bila pombe, bila ngoma, bila harusi. Walikuwa wamebatizwa tangu enzi za babu, na chui akabaki palepale. Sasa yeye, wiki ya harusi, amejipeleka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya maiti.

"Papa, ndani yake iko nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Majani ya kukauka na mbao. Macho njo ya chupa. Ngozi tu njo yake."

"Na mifupa?"

"Sijue. Pengine ilibakia kule ku parki."

Angeweza kunyamaza. Macho hayana pazia, lakini mdomo unalo. Ila aliogopa: msiba uliofichwa, kwao, humfuata bibi harusi hadi kwa mumewe. Na akiusema, pombe itachacha na watu wa Kibua watadai wamekataliwa. Alirudi na maharage yake yote kichwani, akaeleza alichokiona.

"Sema uliona paka," alishauri Straton, ambaye si wa ukoo ule.

Constance aliendelea kusugua sufuria za harusi, na hilo lilimwuma mama yake kuliko lawama.

Mwenye kauli alikuwa shangazi wa Mukasine, Nyirabagenzi, mjane, mkubwa wa ukoo. Naye akasema hawezi kukata shauri la mfu ambaye hajamwona. Jumatano wakapanda lori, mama, binti na shangazi, hadi Kashebere.

Bibi yule alimtazama chui kwa muda mrefu. Akaomba aonyeshwe mshono wa tumbo, akaufuata kwa kidole, na Marcellin hakumkataza.

"Huyu alikufa," alisema. Constance akainamisha kichwa. "Lakini mifupa haiko hapa." Akavua viatu, akaketi sakafuni. "Bwana yangu Benoît alienda kazi ya barabara, akafia mbali. Balinirudishia koti tu. Nikaweka koti ku kitanda, nikalilia koti mpaka jua ikazama. Kesho yake nikashika jembe, juu hakukuwa kitu ingine ya kuzika. Muntu anarudi ngozi tu, kilio yake iko ya siku moja. Ikaleni."

Wakaketi. Marcellin alivua kofia, akaenda kuufunga mlango ili wageni wangoje nje.

Mukasine alianza kulia kwa ajili ya chui, kama ilivyompasa. Kisha akajikuta anamlilia Benoît. Alikuwa ameuliza habari za saa, za kinanda, za moshi wa mlima wa rangi. Lakini hakuwahi kumwuliza shangazi yake hata mara moja alilia vipi, wala alilia na nani. Alisikia aibu, akalia zaidi.

Jua lilipozama Nyirabagenzi alijifuta uso, akavaa viatu, akamwambia Constance aende akaangalie pombe ya harusi yake. Wakatoka kungoja lori.

"Shangazi," aliuliza Mukasine, "ile koti ilikuwa ya namna gani?"

Bibi akamtazama, akaanza kumweleza, na hakuwa amemaliza walipofika Kalembe.