Nimia Alivyoihamisha Batea

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja kama kawaida ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa inanyesha, na hapa mjini kwetu Quibdó mvua si habari. Mke wangu Nimia alikaanga ndizi na jibini, akaniwekea sahani yangu karibu na dirisha, akarudi kwenye cherehani yake. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu upande mmoja. Simu kaiegemeza kwenye kopo la vifungo, anabishana na mwanamke wa Limón, mji wa nchi nyingine, juu ya mwisho wa riwaya.

"Hapana, shoga, hapana! Yule mwanamume alistahili kuachwa. Tena kachelewa kuachwa. Mimi ningemwacha ukurasa wa kumi."

"Wa kumi? Hata jina lake hujalijua bado!"

"Jina la nini? Nilishamwona anavyokula."

Akacheka, mguu unaendelea kukanyaga. Akaniambia, "Mzee, ndoo imejaa." Nikaimwaga ile ndoo ya pale panapovuja, nikairudisha. Hakuna lingine. Kesho yake alianguka, na Ijumaa tukamzika.

Wenzake wa kusoma vitabu wameniomba niandike maisha yake. Mimi ni mchonga mbao. Shule sikwenda, kusoma alinifundisha yeye nikiwa na mvi. Nitaandika machache.

Alizaliwa mbali huko mto wetu unakotoka, kwa mama mkulima wa mpunga. Alipofika miaka kumi na minne wakampeleka jiji la Medellín kufanya kazi za ndani. Nyumba ile ilikuwa na rafu ya vitabu ukuta mzima, na kazi yake ilikuwa kuvifuta vumbi. Alivisoma amesimama, kitambaa mkononi, ili akishikwa aonekane anafuta. Alikaa miaka kumi na moja.

"Senén," aliniambia siku moja, "rafu nzima niliimaliza. Humo vitabuni mtu wa rangi yangu anaingia na sinia, anatoka. Sikuwahi kujua kama alikuwa na mama."

Alirudi Quibdó akawa mshonaji. Sikukuu ya San Pacho, mtakatifu wa mji wetu, ikikaribia, mtaa wetu mzima ulivaa alichoshona yeye. Mimi nilikwenda kupimwa suruali, sikuondoka tena.

Kisha mwalimu mmoja aliyekuwa anahama akamwachia sanduku la vitabu. Vyote vimeandikwa na watu weusi: wa mtoni kwetu, wa visiwani, wa Brazili, wa kaskazini. Nimia akawa anavisoma kwa sauti, na wanawake waliokuja kushonewa wanasikiliza. Nguo zao zikaisha, wenyewe wakabaki.

Yirleza, mpwa wangu, ni fundi simu sokoni, mama wa watoto watatu. Ndiye aliyemfundisha kurekodi sauti. Nimia akasoma ukurasa mmoja, akasema alichokiona humo, akaituma sauti ile mtandaoni. Wiki haijaisha, mwendesha boti wa Buenaventura akamjibu. Jina lake Eleuterio. Wakafuata wa Esmeraldas, wa Tumaco, wa Limón, wa Bluefields, yote miji ya pwani yenye watu weusi, na Wabrazili na lugha yao. Taasisi moja ya mji mkuu ikawapa nafasi kwenye tovuti yake, bure.

Mahali pale Nimia alipaita Batea, kwa jina la mabakuli mapana ya mbao ninayochonga mimi, ya kuchekechea dhahabu mtoni. Unatikisa, mchanga unakwenda na maji, kizito kinabaki chini. Sheria zake zilikuwa mbili. Kila mtu aseme kama anavyosema kwao. Na ukishasoma kitabu, utuambie kilichobaki chini. Hujui kuandika? Sema tu.

Watu walisema miaka tisa. Wengine walikuwa hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote wanaonaje.

Mwaka wa tisa taasisi ikamtuma Bwana Lisandro. Alikuja kwa ndege, na mwavuli mzuri. Nimia alimpa juisi ya borojó, tunda la kwetu.

"Mama Nimia, hongera sana," alisema. "Tunataka kuikuza Batea."

"Ikue mpaka wapi?"

Akaeleza. Jina la taasisi litakaa juu. Sauti zitasafishwa. Wanaosema ovyo ovyo watasomewa na waigizaji.

"Waigizaji? Kwani sauti ya Eleuterio ina kasoro gani?"

"Anacheka mno kabla ya kusema, mama. Wasikilizaji hawana subira."

"Wasikilizaji gani? Wa kwangu wanamngoja acheke."

Lisandro hakuwa mtu mbaya. Alisema taratibu kwamba mahali ni pa taasisi, na wakubwa wameshaamua. Asipokubali, baada ya siku thelathini watafunga, na vilivyomo vitafutwa vyote.

"Basi tutahama," Nimia akasema.

"Mtahamia wapi, mama?"

"Wewe maliza juisi."

Aliimaliza, akaaga. Alipotoka tu mke wangu akafunga mlango, akanigeukia.

"Miaka tisa, Senén. Wakizima, ni kama watu wale hawakuwahi kusema kitu."

Yirleza alikuja jioni hiyo hiyo. Nyumba mpya si taabu, alisema. Kompyuta ndogo, ukubwa wa sanduku la viatu, itakaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, iwe yetu wenyewe, na betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Taabu ni mizigo. Mtandao wetu unakwenda kwa kuchechemea.

"Kuzitoa sauti zote mle, Shangazi, mimi peke yangu, labda miezi minane."

"Nani kakwambia peke yako? Mama yangu hakuvuna mpunga peke yake hata siku moja."

Huko kwao mpunga ulivunwa kwa ujima. Leo sote tuko shambani kwako, kesho wewe uko kwangu. Nimia akautangaza ujima kwenye Batea yenyewe. Kila mtu, alipo, achukue sauti kadhaa, azipakue kwenye simu yake, azitunze mpaka nyumba mpya isimame. Wakaja mamia. Alifurahi, akashona usiku na mchana huku anaimba.

Wiki ya kwanza ilipokwisha Yirleza akaingia kashika kichwa.

"Shangazi, watu sitini na wawili wamebeba kitu kimoja!"

"Kipi?"

"Ule ugomvi wa riwaya ya mganga aliyeoa ndugu wawili."

Nimia alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo yale yale ya shambani! Kila mtu anakimbilia upande wenye kivuli."

Kesho yake akafanya kama mama yake shambani. Alimpa kila mtu mstari wake wa sauti, kwa jina, kabla ya chungu kutelekwa. Wavivu aliwapigia mwenyewe.

"Bwana Américo, mstari wako umeota magugu."

"Mgongo, mama. Mgongo unanisumbua."

"Mgongo wa kubebea simu?"

Américo akamaliza siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu karibu kila kitu kilikuwa kimetoka. Ukabaki mstari mmoja ambao hakuna aliyeugusa, nao ulikuwa wa wafu. Katika miaka tisa wasomaji kumi na tisa walikuwa wamefariki, Eleuterio mmojawapo, na sauti zao zilikuwa mle.

Kwetu siku ya tisa tunaanua matanga. Tunavunja madhabahu tuliyompambia marehemu, tunasimama huku na huku, tunampisha njia aende zake. Ukimwita nyuma umemtenda vibaya. Sasa umweke kwenye simu, simu iko chini ya mto wa kulalia?

"Mwenzangu," alisema mwanamke wa Tumaco, anaitwa Benigna, "nampenda Eleuterio, Mungu shahidi. Lakini akicheka chumbani kwangu, mimi natokea dirishani."

Nimia hakuweza kumkaripia. Dada yake Ubertina alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Miaka minne alikuwa chini ya udongo, na Nimia hajafungua sauti yake hata mara moja.

"Nizivute mimi, Shangazi?" Yirleza akauliza. "Ni chache. Hakuna atakayejua."

"Hapana. Wakija kwa kuibwa, hakuna atakayewasikiliza. Tutakuwa na nyumba yenye chumba kimoja kilichofungwa."

Siku nne zilikuwa zimebaki. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu, Jumapili baada ya misa, akawaita wote. Waliotosha chumbani waliingia, wengine walikaa barazani, na wa mbali walikuwa kwenye kompyuta. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia, akawasha mshumaa mmoja. Wanawake wakaimba wimbo wa matanga, bila ngoma, kama inavyopaswa. Kisha Nimia akawataja wale kumi na tisa, kila mmoja na mji wake, akawaomba ruhusa ya kuwabeba.

Akaisogeza simu yake karibu na mshumaa.

"Naanza na wa kwangu," akasema.

Akaitafuta sauti ya Ubertina. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Akabonyeza mwenyewe, na Ubertina akasema mle chumbani, kwa nguvu, kama mtu aliyesimama mlangoni:

"Nimia! Mdogo wangu, kitabu ulichotuletea safari hii ni kirefu kama mvua ya Novemba, na huyo shujaa wako ni mzito kama godoro lililolowa. Nimekimaliza kwa sababu moja tu, usije ukapita sokoni unasema Ubertina hakumaliza. Kilichobaki chini ni yule bibi kizee wa mwishoni. Yule nampenda. Wengine wote mwaga!"

Mtu huko barazani akapasua kicheko, na chumba kizima kikafuata. Nimia alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Bado mshari! Miaka minne kaniacha na tusi hili, na mimi sijamjibu! Kanishinda miaka minne!" Akaishika simu karibu na mdomo. "Ubertina, godoro ni wewe! Na yule bibi kizee nilimpenda kabla yako."

Limón walicheka, Bluefields wakacheka. Mbrazili mmoja aliyekuwa hajaelewa nusu yake alicheka kuliko wote. Kicheko kilipotulia, Benigna wa Tumaco akasema:

"Haya, nipeni Eleuterio wangu. Dirisha nimeshafunga."

Kabla jua halijazama wote kumi na tisa walikuwa wamebebwa. Wengine waligombewa. Ubertina alichukuliwa na watu watano, na Nimia akasema hata huko aliko atakuwa anaringa.

Siku ya thelathini, saa sita mchana, taasisi ilizima. Yirleza akachomeka waya wetu. Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya meza. Dakika chache hakukuwa na kitu, na hakuna aliyeketi. Kisha wakaanza kurudisha. Esmeraldas walirudisha mistari yao, Buenaventura yao, Américo na mgongo wake. Saa kumi Yirleza alikagua mara mbili, akavua miwani, akasema, "Shangazi, haikupungua hata moja."

Watu walipiga masufuria barabarani. Bendi ya mtaa ikaja, klarineti na ngoma, imelowa chapachapa. Nilikula wali wa jibini na soseji nimesimama, viti vyote vimekaliwa. Sijawahi kumwona mke wangu amesimama wima vile, hata siku ya harusi.

Lisandro alijiandikisha mwezi uliofuata, kama msomaji. Nimia alimpokea, akamtaka aseme kilichobaki chini ya kitabu chake. Akasema kama anayesoma barua ya ofisi. "Rudia, mwanangu," Nimia akamwambia. "Sasa sema kama unamwambia mama'ko." Akarudia, na ikawa nzuri.

Lakini nirudi siku ile. Bendi imetulia kidogo, Nimia kapata kiti, sahani iko magotini. Mwanamke wa Limón akauliza kwenye kompyuta, mbele ya wote: "Na wewe je, Nimia? Siku yako ikifika, sauti yako tuifanyeje?"

Baadhi ya watu walifanya ishara ya msalaba. Nimia alimaliza kutafuna kwanza. Alichomjibu kipo kwenye Batea, na mimi nimekiandika hapa bila kugusa neno:

"Siku nikifa, lieni siku zenu tisa, mle mshibe, mwimbe vizuri, tena msiimbe kama mnadaiwa. Siku ya tisa mvunje madhabahu, mnipishe njia niende zangu. Halafu kesho yake asubuhi mtu mmoja afungue Batea anibishie, maana najijua: lazima kuna mahali nitakuwa nimesema upuuzi."