Bi Pindo na Mfupa wa Ng'ombe

Dada yangu wateja wote wanamwita Bi Pindo, maana pindo likienda upande hata kidogo analifumua, hata kama mwenye gauni amesimama mlangoni na teksi inamsubiri. Tunashona duka moja, cherehani yake dirishani, yangu ukutani. Mimi ndiye mdogo, na mwenye kelele ni mimi, nakiri.

Jino lake la mbele lilitoka zamani. Akawa anavaa la bandia, lile la kuvua na kuvaa, mpaka siku lilipodondokea ndani ya kola ya bwana mmoja aliyekuwa akipimwa naye nguo. Tangu hapo akaacha utani na wateja. Mtu mcheshi vile! Iliniuma sana.

Nikamburuta kwa daktari wa meno. Akasema jino la kupandikiza linawezekana, ila skrubu yake haina pa kushika, mfupa umesinyaa. Lazima aujenge kwanza. Angeweza kumkata kipande cha mfupa kidevuni, au kutumia chembe za kiwandani, au za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa mpaka yakabaki madini matupu.

"Nionyeshe kitambaa kwanza," dada akasema.

Daktari akacheka, akatoa kichupa cha chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Akaeleza kwamba hizo zinashikilia nafasi tu, ili mfupa wake mwenyewe uote katikati yake polepole. Juu anatandika utando mwembamba, kisha anashona ufizi.

"Kumbe unashikiza na kutia bitana! Weka ng'ombe, Daktari. Kidevu changu bado nakihitaji."

"Sawa, mama. Lakini using'ate kitu kwa mbele. Hii ikiharibika, mfupa uliobaki ni mwembamba mno, sitaweza kurudia."

Alipowekewa chembe, alirudi nyumbani akajikagua kwenye kioo. "Mishono imepishana," akasema, "ila fundo lake zuri."

Siku ya tisa, tukiwa kazini, nikasikia, "Mama wee!" Kageuka, damu mdomoni. Alikuwa ameukata uzi kwa meno, kama alivyofanya miaka thelathini.

Nikamwakia. "Dada, una akili kweli? Mkasi kazi yake nini?"

Alikuwa anapapasa mezani, anautafuta. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni nimtolee leso, nikaushika mkasi wake. Nilikuwa nimeuazima asubuhi. Kelele zangu zote zikaishia hapo.

Kwa daktari nilisema kabla hata dada hajaketi: "Kosa ni langu." Daktari akatazama. Mshono mmoja ulikuwa umefumuka na chembe kadhaa zimetoka. Akasafisha, akashona upya. Zilizobaki huenda zikashika, huenda zisishike. Tungejua baada ya miezi sita.

Miezi sita! Sikumgombeza hata mara moja. Kila alipofika mwisho wa mshono nilikuwa nimeshainuka na mkasi, nimkatie uzi.

"Hebu kaa chini, wewe," alisema. "Unanifanya nijione mgonjwa." Sikukaa.

Siku ya kutia skrubu niliomba nisimame pembeni chumbani. Picha ilionyesha mfupa, lakini daktari alisema hatakuwa na uhakika mpaka auguse. Akatoboa taratibu. Akaizungusha skrubu, ikaenda, ikaenda, ikakaza. Akapumua.

"Umeshika," akasema. "Umeota vizuri kabisa."

Nikaangua kilio, kile cha kwikwi kisichozuilika, mpaka muuguzi akaweka chini vyombo akaja kunishika.

"Huyu naye anaumwa wapi?" daktari akauliza.

Dada alikuwa na ganzi mpaka puani. Maneno yalimtoka nusunusu, lakini sote tulimwelewa.

"Mwacheni alie. Kaubeba mfupa wangu miezi sita."