Sweta Kumi na Moja Zilizochinjwa Langoni

Sweta kumi na moja za shule zimekatwa shingo kwa makasi. Hazikukatwa na mwizi wala mwehu. Zilikatwa na mwalimu wa zamu, langoni mwa shule moja ya msingi juu ya mji wa Meru, asubuhi ya Alhamisi, watoto wakiwa wamezivaa.

Sasa ni Ijumaa, na kumi kati ya sweta hizo zimelala juu ya meza ya Celina Karwirwa, fundi wa kufuma, katika mtaa wa Majengo. Ni za kijani kilichopauka kwa kufuliwa. Nyingine zimefumuka hadi kwapani. Celina anaokota moja, anaitazama, anairudisha mezani. Hajawasha redio leo.

Ukuta mmoja tu unamtenganisha na bucha ya Shabani. Shabani anachungulia mlangoni, kisu bado mkononi, aproni imejaa damu.

"Mama Kaburu, leo umenishinda. Mimi tangu asubuhi nimepata mbuzi wawili tu."

"Toka hapa, Shabani. Sina mdomo wa kucheka."

"Sichekeshi. Mimi nikichinja nasema bismillahi kwanza. Huyo mwalimu alisema nini?"

Celina anavuta kiti, anakaa mbele ya mashini yake ya kufuma, na kuanza kuchambua nyuzi zilizoning'inia.

Celina ana umri wa miaka hamsini na mbili. Alizaliwa Runyenjes, upande wa Embu, na hata leo wateja wake humwita yule Muembu wa Majengo, au Mama Kaburu kwa jina la mwanawe. Kazi aliifunzwa mjini Embu na mwanamke aliyeitwa Wambeti, ambaye alipozeeka alimwachia mashini hiyo. Ni ya mkono, haitumii stima, na sindano zake zikivunjika kuzipata upya ni kazi.

Siku nzuri Celina hupata ya unga na ya kodi. Siku mbaya hupata ya unga peke yake. Hafumi sweta mpya nyingi. Riziki yake kubwa ni kuzitunza zilizopo. Anaongeza mikono mtoto anaporefuka, anaziba viwiko, anabadilisha pindo zilizoliwa. Kwa bei ya sweta moja mpya ya dukani, mzazi anaweza kumletea sweta tano zirekebishwe.

"Sweta haifi yenyewe. Inauawa," anasema. "Mtu anaifua na maji ya moto. Halafu anaianika kwenye ua wa miiba ya kayaba au kwenye waya wa miba, inashikwa, inatoboka. Au anaining'iniza ikiwa nzito na maji, mikono inashuka kama ya nyani. Mimi nawaambia kila siku, ikamue polepole, ilaze juu ya gunia safi, igeuze ndani nje. Na tundu likiwa kama punje ya mahindi, niletee. Usingoje likuwe dirisha."

Lakini siri ya kazi yake, ile aliyofunzwa na Wambeti, iko mahali usipoweza kuiona. Kila sweta inayopita mikononi mwake kwa mara ya kwanza, Celina huishonea kidonge kidogo cha uzi wa rangi ileile ndani ya mshono wa ubavuni. Kidonge hicho hufuliwa pamoja na sweta, hupigwa jua pamoja nayo, huzeeka pamoja nayo. Siku kiwiko kikitoboka, Celina hufungua mshono, huchukua ule uzi na kuziba. Kiraka hakionekani, kwa sababu uzi umepauka sawasawa na sweta yenyewe.

Ndiyo maana kuna sweta mezani hapa zenye lebo ya majina matatu. Jina la kaka mkubwa limekatwa kwa mshono mmoja, chini yake la dada, chini yake la kitinda mimba. Nguo moja imelea nyumba nzima.

Basi muhula huu wa pili shule ikatoa amri. Mstari wa shingoni, uliokuwa mweupe miaka yote, sasa uwe wa manjano. Sweta mpya zinauzwa katika duka moja tu mjini. Sababu haikutolewa. Mtoto hasomi vizuri zaidi kwa sababu ya mstari wa manjano. Baridi ya Julai hapa Meru haiulizi mstari ni wa rangi gani.

Wazazi walifanya lililo la akili. Walimpelekea Celina. Alifumua shingo, akatoa uzi mweupe, akafuma wa manjano. Amri ilisema mstari wa manjano, na mstari wa manjano ukawekwa.

Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe hafichi.

"Uzi wa manjano nilinunua siku hiyohiyo. Haukuwa umefuliwa hata mara moja. Sweta imepauka, shingo inang'aa kama taa ya boda. Mimi nilifurahi tu mstari umekaa vizuri. Sikuona. Mimi, na kazi yangu yote, sikuona."

Mwalimu wa zamu aliona. Hakuhitaji kusoma lebo wala kuuliza. Kila mtoto mwenye shingo mpya kwenye sweta kuukuu alitolewa mstarini. Makasi yalikuwa mfukoni mwake.

Nilimpata mwalimu huyo, kijana, nje ya shule. Hakutaka jina lake liandikwe.

"Niliambiwa sweta za zamani zisirudi," alisema. "Ukimtuma mtoto nyumbani nayo, kesho anarudi nayo. Sasa utafanya nini?"

"Kwa hiyo ukakata?" nikamuuliza.

"Sikugusa ngozi ya mtoto yeyote."

Ndivyo alivyojitetea. Hakugusa ngozi.

Sweta hufumwa kuanzia pindo la chini kupanda juu. Shingo ndiyo humalizia. Ukiikata shingo, umefungua mlango. Uzi ukivutwa kidogo tu unaanza kushuka, safu baada ya safu. Watoto walifukuzwa warudi nyumbani na nguo za namna hiyo, katika ukungu na manyunyu, siku moja kabla ya mtihani.

Mchana wa Ijumaa hiyo Mutegi anaingia. Ni mkulima wa kahawa na ndizi huko mlimani, mtu mrefu mwenye gambuti za matope. Mkononi ana mfuko wa karatasi, na ndani yake kuna kitu anachokitoa kwa uangalifu kama yai. Ni gunzi la mahindi lililozungushiwa uzi wa kijani.

"Muuga, Mama Kaburu," anasalimia kwa Kimeru.

"Muuga. Hiyo ni nini, Mutegi?"

"Ni sweta ya Kendi."

Kendi ni bintiye, wa darasa la tatu. Akienda nyumbani Alhamisi, uzi wa shingo ulishikwa na ua wa kayaba karibu na kona ya shule. Hakujua. Alitembea huku sweta ikifumuka mgongoni mwake, uzi ukibaki nyuma kwenye miiba. Alifika nyumbani imebaki ya kufunika tumbo.

"Aliniuliza, baba, sweta yangu imeenda wapi?" anasema Mutegi. "Nikarudi na njia, nikaanza kuitoa kwenye miiba. Watu wanapita wananiuliza, Mutegi, umeanza kuvuna kamba? Nikaendelea kuvuta uzi. Ningefungua mdomo ningetukana."

"Umeipata yote?"

"Nyingine imekatika. Nyingine ng'ombe wamekanyaga. Unaweza?"

Celina anaupima uzi ule kwa vidole. Anatoa mabaki ya sweta mfukoni mwa karatasi, anayageuza, anatafuta mshono wa ubavuni, anaubonyeza. Kidonge kiko.

"Mikono itakuwa mifupi kidogo," anasema. "Lakini naweza."

Kabla Mutegi hajatoka, anaingia Virginia, muuza viazi wa sokoni Gakoromone, na hakuja kusalimia.

"Celina, wewe ndiye umetuletea aibu hii! Si ungesema tu huwezi? Tungejua tununue!"

"Ungenunua na nini, Virginia?"

"Hiyo si shida yako! Mtoto wangu amesimamishwa mbele ya wenzake anakatwa nguo kama kondoo!"

"Nani alishika makasi? Mimi?"

"Shingo ilikuwa inang'aa!"

"Ilikuwa inang'aa, ndiyo. Hilo ni kosa langu, nimekubali. Sasa niambie, mtu akikosea rangi anakatwa shingo?"

Shabani anaingilia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Nyinyi wanawake mnapigania maiti, na mchinjaji yuko shuleni anakunywa chai!"

Virginia anaketi juu ya gunia. Anaitafuta sweta ya mwanawe kwenye rundo, anaipata, anainyanyua. Imefumuka hadi pindoni, na uzi wake mwingi haupo, umepotelea njiani.

"Hii?" anauliza.

Celina anatikisa kichwa. "Hiyo imeenda. Pole."

Celina alifanya kazi Jumamosi yote, na Jumapili baada ya kanisa. Kulikuwa na njia rahisi ya kuwadanganya walimu. Angeufua uzi wa manjano mara nyingi, akauanika kwenye mabati ya Shabani, ukapauka, na hakuna ambaye angetambua. Mutegi alimshauri hivyo. Celina alikataa.

"Kwa nini nifiche? Nimeiba? Mstari waliotaka ni wa manjano. Nitaweka wa manjano, na ung'are. Waone vizuri kabisa."

Jumatatu asubuhi wazazi hawakuwatuma watoto. Waliwapeleka wenyewe. Celina alikuwa katikati yao, amevaa koti lake la kanisani. Watoto wanane walivaa sweta zilizofumwa upya, shingo za manjano zikionekana kutoka barabarani. Kendi alikuwa wa mbele, vifundo vya mikono viko nje.

Mwalimu mkuu alitoka, akasimama upande wa ndani wa lango.

"Wazazi, sare ni nidhamu," alisema. "Shule ina sweta moja. Hizi si sweta za shule."

"Rangi gani inakosekana?" Mutegi aliuliza.

"Si rangi. Ni mahali ilipotoka."

"Kwa hivyo tunanunulia duka, si mtoto?"

Mwalimu mkuu alisema wazazi wamchague mmoja aingie ofisini wazungumze. Virginia, ambaye Ijumaa alikuwa akimgombeza Celina, ndiye aliyejibu.

"Hakuna kuingia ofisini, Mwalimu Mkuu. Watoto wetu mliwakatia hapa langoni, kila mtu akiona. Tutaongea hapahapa langoni, kila mtu akiona. Na mwalimu aje na yale makasi. Nataka akate hizi nikiwa nimesimama."

Mwalimu wa zamu hakuja. Kengele ililia. Watu wa boda walianza kusimama kuangalia, na mmoja wao akauliza kwa sauti kama shule imefungua bucha. Mwishowe lango lilifunguliwa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba sweta hizo zitakubaliwa hadi mwaka wa shule uishe. Kuanzia Januari, kila mtoto lazima awe na ya dukani. Hakuomba radhi. Nilimuuliza kama ataomba. Alisema hilo ni suala la ndani la shule.

Si la ndani. Lilitendeka barabarani, kwa watoto wa watu, wenye baridi.

Celina hajangoja Januari. Wazazi wamekubaliana kwamba mkutano wao wa muhula wa tatu uwe na ajenda moja tu, kwamba sweta yoyote yenye rangi sahihi iruhusiwe, imenunuliwa, imefumwa au imerithiwa. Celina ameahidi kusimama aseme, ingawa Kiswahili chake, anavyosema, kinakimbia akikasirika.

Na amebadilisha kazi yake. Kwenye kila mshono wa ubavuni sasa anashonea kidonge cha kijani, kama Wambeti alivyomfunza, na kando yake cha manjano. Kisha cheupe. Kisha cha buluu.

"Buluu ya nini?" namuuliza.

"Sijui wataamka wakitaka rangi gani. Wakitaka buluu, buluu itakuwa imezeeka tayari."

Shabani anacheka ukutani. Celina hacheki. Anauma uzi kwa meno, anakunja sweta na kuilaza juu ya gunia.

Hii ndiyo gharama ya mstari mmoja wa manjano hadi leo. Sweta kumi na moja zilikatwa. Nane zimerudi mgongoni, na tatu hazikuweza kuokolewa. Watoto kumi na mmoja walikosa mtihani wa Ijumaa, na hautarudiwa. Sindano sita za mashini ya Celina zimevunjika. Virginia amenunua sweta ya dukani kwa kuuza viazi vya mbegu alivyoweka kwa mvua ya Oktoba. Nyanya mmoja wa Kinoru ameuza mbuzi wake wa maziwa kumnunulia mjukuu. Hiyo ni sweta ya kumi.

Ya kumi na moja ilikuwa ya mvulana anayeitwa Mwirigi. Kwao hakuna mbegu wala mbuzi. Anaenda shule na shati.